Mimi Niko na Shukrani Tu

Juzi tulikuwa Kerugoya kwa matanga ya Mama Wachuka, na mimi mzee mzima nikafanya kile kitu nilikuwa nafanyanga nikiwa msichana, na hakukuwa na mtu wa kukohoa. Ndiyo mnaniona hapa Gatitu kwa kiti yangu ya jua nikiongea peke yangu. Nilikuwa nimetoka nje kuchukua kitu, sijui ni nini, lakini wacha, itajileta. Kwanza mjue vile sisi kina mama wa huku tunaombanga, kwa sababu bila hiyo hamtajua aibu yangu iliingilia wapi. Tunakaa kwa duara, magoti yakigusana. Kila mtu anataja hitaji yake kwa sauti, halafu yule amekaa mkono wake wa kuume anamshika, anamwombea. Si wewe unajiombea. Wewe unataja, mwenzako anabeba. Ukiwa na mguu inauma, unasema mguu. Ukiwa na kijana amepotelea pombe, unasema kijana, hata kama kijana mwenyewe anapita hapo nje akiimba. Na ukiwa na aibu kama mimi, unainamisha kichwa vizuri, unafunga macho, unasema na sauti ndogo, ya mtu ameokoka sana: "Mimi niko na shukrani tu."

Hayo maneno ndiyo ilikuwa blanketi yangu ule mwaka wa mahindi ya yelo. Tulikuwa Naro Moru, mimi bado msichana, mama wa mtoto mmoja wa kunyonya anaitwa Muthoni, na bwana yangu Kariuki alikuwa anabeba mizigo ya wazungu wakipanda mlima. Nyumba yetu ilikuwa chumba moja ya mbao za mabaki, zile ziko na maganda upande wa nje, na ndani tulibandika magazeti juu ya nyufa na gundi ya unga. Fikiria hiyo. Mwaka uliotangulia tulikuwa na unga ya kupaka ukuta! Kitanda, gunia ya kupigia magoti, mawe tatu ya moto, na koroboi imetundikwa kwa waya, hiyo ndiyo ilikuwa mali. Upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Wachuka, na sijui kama hiyo kitu inafaa kuitwa ukuta. Akijikuna, nasikia. Akigeuka kwa kitanda yake, yangu inamsalimia. Alikuwa mjane, mrefu, mkavu kama kuni, alikuwa anauza waru, hizi viazi, kando ya barabara ya Nanyuki mpaka hizo waru zikaisha, na mdomo yake haikuwa na mlango. Asubuhi ananigongea mbao: "Mama Muthoni! Umekufa ama umelala?" "Nimelala, Mama Wachuka." "Basi amka. Kufa ni ya watu wameshiba."

Mvua ya mwezi wa nne ilikataa. Tulipanda, tukangoja, tukaenda kufukua mbegu tukazikula. Na mlima ulikuwa pale kila asubuhi, mweupe juu, maji yote imeganda huko tunaiona na macho, na huku chini mto unapita katikati ya mawe mwembamba kama mkojo wa mbuzi. Ndiyo serikali ikaleta mahindi ya yelo, ya manjano, kutoka ng'ambo. Ilinuka gunia. Ukipika githeri yake, mahindi na maharagwe, unachemsha mpaka kuni inalia, na bado punje inakuangalia vile ilikuwa. Watu walisema ati huko ilikotoka inapewa ng'ombe. Mama Wachuka akasema, "Basi tungoje kidogo, labda tutatoa maziwa." Mimi nilicheka na huku najua maziwa yangu mwenyewe inapungua, mtoto ananyonya, anaacha, ananiangalia kama mtu ameuziwa kitu mbaya. Kazi ya mlima ikakauka pia. Kariuki akafunga blanketi na kamba, akasema anaenda Timau kuuliza kazi kwa yale mashamba makubwa, atarudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika. Mwingine ukafika. Mimi nikawa nachuma mboga ya porini kando ya reli asubuhi mapema, ndio watu wasinione.

Alhamisi ilikuwa siku ya ushirika, nyumba kwa nyumba. Kiongozi wetu alikuwa Mama Ephraim, mama mnene wa kitambaa nyeupe, bwana yake alikuwa na duka. Kila Alhamisi alikuja na themosi kubwa ya maua ameishika kwa kwapa, na hatukuwahi kuiona ikifunguliwa. Tulikuwa tunasema, si ni ya wenye duka, wanakunywa wakifika kwao. Sasa, mwanzo wa hiyo njaa, mama mmoja alitaja hitaji yake. Akasema hata chumvi hana, na alilia. Tukamwombea vizuri. Lakini tukirudi nyumbani, nyuma yangu kwa njia kulikuwa na wawili wanaongea polepole. "Umesikia? Hata chumvi." "Na vile alikuwa anaringa na ile sweta nyekundu." "Sweta haitiwi kwa githeri, mama." Wakacheka. Haikuwa kicheko ya ubaya, mimi niwatetee, ilikuwa ile ya mtu anashukuru si yeye. Lakini iliniingia hapa. Nikasema kwa roho yangu, mimi hamtanitembeza kwa hii njia. Alhamisi iliyofuata, zamu yangu ilipofika, nikatoa ile maneno yangu: "Mimi niko na shukrani tu."

Mama Wachuka alikuwa ndiye mkono wangu wa kuume, na alikohoa. Kikohozi moja kavu. Halafu akanishika mkono akaomba, "Asante Bwana kwa ajili ya huyu. Wewe unajua. Amina." Fupi hivyo. Na ikawa hivyo Alhamisi baada ya Alhamisi: wengine wanataja ng'ombe imekufa, watoto wamefura miguu, mimi nataja shukrani, Mama Wachuka anakohoa. Nataka niseme ukweli, kulikuwa na utamu ndani yake. Kina mama walianza kunisogezea kiti. Waliniangalia kama mtu ako na siri na Mungu. Nikaanza kutembea na shingo ndefu.

Basi hapo ndipo shingo ilishikwa. Siku moja, maombi ikiisha, Mama Ephraim akasimama na themosi yake. "Kina mama, tumekuwa wa kunung'unika kama wana wa Israeli. Lakini mmeona huyu Mama Muthoni? Tangu mvua ikatae hajaleta shida hapa. Ni shukrani, ni shukrani. Huyu Mungu amemfungulia dirisha." "Haleluya!" "Alhamisi ijayo tutakuwa kwake. Na bibi ya pasta anakuja kututembelea kutoka Nyeri." Mimi nilitabasamu, kwa sababu mdomo ilikuwa imezoea. Mjue desturi: mwenye nyumba anapika chai. Zile nyumba za mwisho zilikuwa zimetupea turungi, chai ya rangi bila kitu, na hakuna mtu alilalamika. Lakini kwangu, kwa mtu wa dirisha! Mama mmoja akaniambia tukitoka, "Mama Muthoni, usizidishe sukari, meno yangu inauma." Mwingine akasema, "Mimi hata sijui kama bado najua ladha ya maziwa. Nitakula na macho kwanza."

Hiyo wiki niliomba kuliko siku zote za maisha yangu. Na si maombi ya kujivunia. Nilipiga magoti kwa gunia, nikanong'ona ndio Mama Wachuka asisikie. Niliomba Kariuki arudi na sukari. Niliomba bibi ya pasta ashikwe na homa, si ile mbaya, Bwana, kidogo tu, ya kukohoa. Kisha nikaogopa nikaomba apone kabla ashikwe. Halafu nikaomba mvua. Nchi nzima ilikuwa inaombea mvua ya shamba, mimi naomba mvua ya Alhamisi saa nane, ya kufunga barabara. Leo nikikumbuka nacheka mpaka meno inataka kutoka, hizi chache. Lakini wakati huo sikuwa nacheka. Kwa nyumba nilikuwa na majani ya chai ya kushika na vidole, na unga ya yelo ya uji wa Muthoni, imebaki chini ya kopo. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kati ya mtoto wangu na njaa, na kulikuwa na jina yangu upande ule mwingine. Nikiwaambia ni gani nilichagua, msinitazame.

Alhamisi jua liliwaka kama limetumwa. Walikuja wote. Walijaa kitanda, wakajaa gunia, mwingine akakalia debe. Bibi ya pasta, jina yake imenitoka, na jana nilikuwa nayo, alikuwa mama mwembamba wa miwani, akawekwa kwa kiti ya kuazima. Aliangalia magazeti ya ukuta akasema, "Nyumba yako ni safi." Kwa sababu alikuwa na safari ya kurudi, Mama Ephraim akasema chai ianze, mahitaji ifuate. Nikainama kwa moto nikiwapa mgongo. Maji ilikuwa imechemka, majani ndani, nyekundu. Nikachukua ile unga ya Muthoni, yote, nikakoroga kwa maji baridi, nikamwaga ndani polepole nikizungusha mwiko. Na haki ya Mungu ikabadilika rangi! Ikawa kama chai ya maziwa. Yelo kidogo, lakini ndani ya hiyo moshi nani angejua? Nilimimina haraka kwa vikombe vya kuazima. Nikasikia mtu akivuta pumzi nyuma yangu: "Maziwa." Nilitaka wakunywe mara moja, ikiwa moto, ishuke. Nikasema, "Karibuni, karibuni, isipoe." Na bibi ya pasta akainua mkono. "Tushukuru kwanza."

Woi. Huyo mama alijua kuomba. Alianza na uumbaji. Aliombea serikali, akaombea shule, akaombea wale wako hospitali na wale wako njiani, akaombea mlima. Mimi nilikuwa nimefunga jicho moja, na hiyo ingine inaangalia vikombe. Moshi ilikuwa inapungua. Akafika kwa nyumba yangu, nikasema asante, anamaliza. Akasema, "Na Bwana, bariki ng'ombe iliyotoa maziwa haya." Mama Wachuka akakohoa. "Mwongezee majani ya kula, apewe ndama." Mama Wachuka akakohoa tena, hiyo ilikuwa ndefu, mpaka mtu akampiga mgongo. "Amina," tukasema. Tukafungua macho. Chai ilikuwa imelala. Ilikuwa imeshika ngozi juu, na Mama Ephraim alipoinamisha kikombe yake, haikukuja. Ilikuja baadaye, yote pamoja, kama mtu anatoka kitandani. Yule mama wa meno akasema polepole tu, bila kufikiria, "Hii inataka kijiko." Na Muthoni, mtoto wangu, alikuwa kwa paja ya mtu, akasikia harufu ya uji wake, akanyoosha mikono yote mbili akaanza kulia.

Mnafikiria nilisema ukweli? Wapi. Mahitaji ilianza, ikazunguka, ikanifikia, na nikasema, "Mimi niko na shukrani tu." Mama Wachuka akanishika mkono. Siku hiyo hakukohoa. Akasema, "Bwana, mimi naishi nyuma ya hiyo magazeti. Nasikia huyu msichana akikwangua sufuria na hakuna kitu ndani. Nasikia mtoto. Sisikii mwanaume akikoroma, na ni miezi. Alikuomba mvua ya leo, nilisikia hiyo pia, na sikujua nicheke ama nilie. Huyu hana maziwa, hana sukari, hana bwana. Ametupikia uji ya mtoto wake tukaita chai. Na anaona afadhali afe kuliko tumjue. Sasa Baba, tumemjua. Wewe thubutu ushindwe kumsaidia tukiwa tumemjua." Hivyo ndivyo aliomba, kama mtu anagombana na jirani. Mkono yangu ilikuwa inavuta, na yeye anashika. Nilitaka ardhi ipasuke. Hata leo, nikikumbuka "tumemjua," masikio yangu inachomeka kama nimekaribia jiko.

Hakukuwa na kicheko, na nilikuwa nimetega masikio kuisikia. Kitu nilisikia ni kifuniko ikizungushwa. Mama Ephraim alikuwa anafungua ile themosi. Kila mtu akainua shingo, hata mimi na aibu yangu, ndio tuone hiyo chai ya wenye duka. Akamimina kwa kikombe yangu kwanza, ya kulegeza ule uji, na ilikuwa maji. Maji moto, safi, bila kitu. Akaendelea kumimina kwa kila kikombe akiangalia chini. "Duka ilifungwa kitambo," akasema. "Mimi ni kiongozi. Ningekuja aje mikono mitupu?" Bibi ya pasta alikunywa yake yote, halafu akafikiri hatumwoni, akapitisha kidole ndani ya kikombe. Hapo ndipo nilijua hata Nyeri si Nyeri. Mahitaji ikaanza upya, na siku hiyo tulisikia mambo. Lakini msidhani sisi wote tulikuwa malaika, kwa sababu kulikuwa na mmoja, zamu yake ilipofika, bado akasema yeye ni shukrani tu. Tulimwangalia sote. Mama Wachuka akamwambia, "Wewe utakoholewa mpaka ukufe."

Watu wanapenda nimalizie hapo, waseme Bwana asifiwe, na kweli asifiwe. Lakini mimi sikufurahi. Nilikuwa nateka maji jioni nisikutane na mtu. Kwa Mama Wachuka sikuitika hata akigonga. Basi asubuhi moja nikasikia nyundo. Nikaona ubao mmoja wa ukuta, hapo chini karibu na mawe ya moto, unang'oka na gazeti yake, na uso wake ukatokea kwa hiyo tundu, ameinama kama kuku. "Pitisha sufuria yako hapa. Tutapika moja. Wewe huna mdomo, basi hii nyumba itakuwa nayo." Mwenye nyumba, yule wa kodi, alipiga kelele, akaambiwa mbao ilikuwa imeoza. Tukapika hivyo, kile ako nacho na kile niko nacho, mboga yangu ya reli na konzi yake ya mahindi, na Alhamisi kila mama akaja na konzi yake kwa sufuria moja, hakuna mwenye nyumba, hakuna mgeni. Muthoni alijifunzia kutambaa kwa hiyo tundu. Mvua ilirudi mwisho wa mwaka, na Kariuki naye akarudi nayo, amekonda, anaona haya ya kuingia. Alifungua mlango akakuta miguu ya mtoto wake iko kwetu na kichwa iko kwa jirani. Mimi niliomba mvua nikapewa Mama Wachuka. Nilichelewa sana kujua hiyo ilikuwa ni jibu, kwa sababu ilikuja na aibu, na mimi nilidhani jibu ya Mungu haiji na aibu.

Sasa Kerugoya. Mama Wachuka alikuwa ameenda kukaa huko kwa msichana wake, Wachuka, ambaye naye sasa ni cucu mwenye wajukuu. Mchana kabla ya kumzika, kina mama tulikaa kwa sebule, kwa duara, magoti yakigusana, chai tayari kwa vikombe kwa sababu kulikuwa na baridi ya Kirinyaga. Wakataja. Mguu, kijana, presha. Ikanifikia, na nikasikia mdomo yangu ikisema, vizuri kabisa, kama mashini: "Mimi niko na shukrani tu." Nikangoja. Nilingoja kile kikohozi kavu. Mkono wangu wa kuume alikuwa Wachuka, akanishika na mikono yake laini, akaniamini. "Asante Bwana," akaanza, "kwa huyu cucu ambaye umempa maisha bila shida..." Na nikafikiria nyumba yangu ya hapa Gatitu, ile watoto wangu walinijengea ya mawe, ukuta kama mkono wangu huu wote. Ukilia humo ndani, hakuna mtu atasikia. Ukuta nzuri.

Nikasema, "Ngoja." Wachuka akafungua macho. Ni vibaya kukatiza mtu akiomba, najua. Nikasema, "Si shukrani. Niko na hitaji." Nikawaambia nimeanza kusahau. Niliwaambia ile siku nilitoka kununua kibiriti hapo barabarani, njia nimepita miaka yote, na nikashindwa kujua nyumba yangu iko upande gani, nikakaa kwa ngazi ya mashini ya kusaga unga mpaka jirani akaniona, na nikamwambia napumzika. Nikawaambia ya zamani yote niko nayo, harufu ya ile gunia niko nayo, lakini ya asubuhi inanitoka kama maji kwa kikapu. Watoto sijawaambia. Nikasema naogopa siku nitaangalia Muthoni niulize huyu ni nani. Nikasema naona aibu, hapo mbele ya watu, na mimi ndiye mkubwa wa wote.

Wachuka alivuta kiti yake ikagusa yangu, akanishika tena, safari hii kwa nguvu, nikajua hiyo mkono ni ya nani. Akaomba. Na yeye anaombanga marefu, hiyo hakutoa kwa mamake. Tulipofungua macho, chai ilikuwa imepoa kwa vikombe, imeshika ngozi juu. Ngozi ya maziwa. Mtu akataka kunimwagia nyingine ya moto, nikakataa. Nilisukuma ngozi kando na kidole, nikakunywa vile ilikuwa.